Nani Alimtundika Yule Mtu Miguu Juu?

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Udaktari; Mheshimiwa Daktari Bingwa wa Kifua, ambaye katika ukumbi huu ndiye peke yake aliyewahi kuniona kwa ndani, hata mke wangu hajafika huko; waheshimiwa walimu, na kwa namna ya pekee Mheshimiwa Mwalimu wa Anatomia, ambaye namwona mstari wa mbele amekunja mikono, na najua kwa nini ameikunja; wazazi wenzangu; madaktari wapya mnaong'aa kama visu vilivyotoka kunolewa; ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Salamu nimezigawa kwa vyeo kama tunavyogawa nyama kwa foleni, na kama kuna aliyepata mfupa mtupu, anisamehe, nitamwongezea mwishoni.

Nimepewa dakika saba. Mshereheshaji amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijapanda hapa, na mke wangu, kwa jinsi ninavyomfahamu, amekwisha kumwonyesha mshereheshaji mahali waya wa kipaza sauti ulipochomekwa.

Neno hili la wazazi lilikuwa la shemeji yangu, baba mzazi wa daktari tunayemshangilia. Lakini shemeji ni fundi cherehani. Miaka thelathini amekaa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hujifunza kutosema ovyo. Kwa wiki anasema maneno matano, na manne kati ya hayo ni "Geuka, simama, nyoosha mkono." Nilipomwambia, "Shemeji, ukishindwa mimi nipo," alitoa pini zote mdomoni, akanishika mkono, akasema, "Nimeshindwa." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa.

Basi nimesimama mimi, mjomba. Ni mwuza nyama. Bucha yangu ina vigae vyeupe, kulabu kumi na mbili, na gogo moja la kukatia ambalo limekwisha kuchimbika katikati kama sahani. Nilisoma mpaka darasa la sita. La saba nililisoma kwa kupitia dirishani, tena nilikuwa naelewa kuliko waliokaa ndani, ila cheti cha dirishani hakitolewi. Na nasema mbele ya wasomi hawa wote bila woga: binti huyu mliyemvisha joho leo, ndani ya kifua cha mtu aliingizwa na mimi.

Mnacheka? Subirini.

Alipokuwa mdogo, mama yake, yaani dada yangu, alikuwa akimleta buchani baada ya shule ili afanye kazi za darasani mahali penye mtu mzima. Dada aliniamini kuwa mimi ni mtu mzima. Mtoto alikaa juu ya kreti mbele ya gogo, daftari mapajani, na mbele ya macho yake ng'ombe mzima alikuwa amening'inia, kifua wazi kama kabati. Watoto wengine wangelia. Huyu aliuliza, "Mjomba, hapa katikati panaitwaje?"

Ndugu wageni waalikwa, nyinyi mkiulizwa katikati ya kifua kuna nini, mtasema moyo, mtanyamaza, mtaona mmemaliza. Mimi nilimwambia: hapa katikati ni sebule. Pafu la kulia ni chumba cha kulala, pafu la kushoto ni chumba cha kulala, na kati yake kuna sebule ambayo kila mgeni anayeingia mwilini lazima aipite. Ukuta wa mbele ni mfupa wa kidari. Ukuta wa nyuma ni uti wa mgongo. Kuna kiwambo cha nyama kinachotenga kifua na tumbo, ili mambo ya utumbo yasisikike sebuleni. Mwenye nyumba ni moyo, amekaa ndani ya mfuko wake, hataki kuguswa. Kutoka kwake linatoka bomba kuu la damu, limejikunja kama mpini wa mwavuli. Kuna bomba la hewa, gumu, lina pete pete, nalo linagawanyika mara mbili, kila chumba na lake. Nyuma yake amejibana umio, mpitisha chakula, mpole, hasikiki mpaka umeze mfupa. Na mbele kabisa, nyuma tu ya kidari, kuna tezi laini ambayo kwa ndama ni kubwa kama kiganja, na kwa ng'ombe mzee ukiitafuta unakuta mafuta tu. Jambo hilo nililigundua mimi mwenyewe nikiwa na kisu mkononi. Mpwa wangu aliniambia baadaye kwamba lilikuwa limeandikwa vitabuni miaka mingi kabla sijazaliwa. Sawa. Lakini hao walioandika, mimi hawakuniuliza, na mimi sikuwauliza. Ngoma droo.

Jina la kitaalamu la sebule hiyo ni mediastinamu. Nililijifunza kwa siku tatu, na siku ya nne meno yaliniuma.

Tena nikamwonyesha kitu kimoja ambacho mwuza nyama wa kawaida hakitazami. Ni uzi. Uzi mweupe, mwembamba, unaotoka kichwani kwenda kwenye koromeo. Uzi wenye akili ungetoka kichwani ukaingia koromeoni, mwendo wa kiganja kimoja, ukamaliza kazi. Huu hapana! Unalipita koromeo kama haulijui, unashuka mpaka sebuleni, unazunguka chini ya bomba kuu la damu, halafu ndipo unapanda tena kurudi kwenye koromeo lile lile ulilolipita. Nilimwambia mtoto, "Huyu anaitwa Mzururaji. Katumwa jirani, kapitia mjini." Na naomba mnisikilize vizuri hapa: mpwa wangu alipofika chuoni alikuta wataalamu wa kale, kwa lugha yao ya kale, ule uzi mkubwa unaouzaa huu wangu waliuita jina hilo hilo, mzururaji! Waliniiga. Sijui walipita lini buchani, lakini waliniiga.

Naona Mheshimiwa Mwalimu wa Anatomia anatikisa kichwa. Tutafika kwako, mheshimiwa. Wewe hasa ndiye niliyekujia.

Mwaka wa kwanza wa chuo, mpwa wangu alinipigia simu. Sauti ndogo. Akasema, "Mjomba, nimeanguka kifua."

Nikapiga kelele, "Umeangukia kifua! Umevunjika mbavu ngapi?"

"Si kuangukia, mjomba. Mtihani. Mtihani wa kifua nimeanguka."

Alikuwa amechora sebule yote, nyumba nzima na wakazi wake, hakusahau hata mmoja. Ila alichora kiwambo juu, moyo chini yake ncha ikielekea mbinguni, bomba kuu chini ya moyo, na bomba la hewa likiingia kwa kutokea chini kama bomba la choo. Pembeni akaandika kwa mwandiko wake mzuri, hapa juu, hapa chini. Matokeo yake aliurudia mtihani huo, na likizo yake yote ya mwaka huo ikaishia maktaba.

Mimi nilifanya nini? Mimi ni mtu wa watu. Nilisimama nyuma ya gogo langu, nikawasimulia wateja kwamba mchoro ulikuwa sahihi kabisa, ila mwalimu wake siku hiyo alisahau miwani nyumbani, akaishika karatasi kichwa chini. Watu walicheka mpaka wakasahau chenji. Kesho yake nikaongeza kwamba mwalimu mwenyewe anavaa viatu kushoto kulia. Mwezi wa pili nilikuwa namwigiza anavyotembea. Na binti nikampa jina, jina likashika mtaa mzima, mpaka muuza magazeti akawa analijua: Daktari Miguu Juu. Akija likizo, foleni nzima inamsalimia, "Shikamoo Miguu Juu!" Naye anatabasamu, anaitikia, anaingia ndani kumsalimia shangazi yake, kwa maana ya mke wangu.

Miaka mitatu nimesimulia hivyo. Ndipo sauti yangu ikakatika.

Waheshimiwa, mnaijua sauti yangu? Mnaisikia leo. Kabla ya hapo ilikuwa mara mbili ya hii. Nikitangaza maini asubuhi, watu wa mtaa wa tatu wanaweka sufuria motoni. Mara moja nilipiga chafya nikiwa mlangoni, saa ya ofisi ya posta ikasimama. Sasa sauti hiyo, kwa wiki mbili tu, ikawa kama mlango wa kabati bovu. Nikisema "kidari," mteja anasikia "hhh." Nikisema "Mkono wako usiushike mzani," mteja anasikia "hhh," anaendelea kuushika.

Mnadhani familia ilihuzunika? Mke wangu alianza kulala usingizi mzuri, ngozi ikang'aa. Dada yangu, mama wa daktari, akawa anakuja kunitembelea kila Jumapili, yeye ambaye siku zote alikuwa na udhuru, anaketi mbele yangu, ananieleza mambo yake saa mbili mfululizo, akiondoka anasema, "Leo tumezungumza vizuri sana, kaka." Nikapewa asali. Nikapewa tangawizi. Nikasukutua maji ya chumvi mpaka mdomo ukakunjamana. Mganga wa zahanati akanimulika kooni kwa tochi, akasema koo ni safi, ila limechoka, akaandika kwenye karatasi: "Apunguze maneno." Mke wangu aliibandika ile karatasi ukutani. Ipo mpaka leo.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Mpwa wangu akaja likizo, mwaka wa nne. Alinikuta nyuma ya gogo. Nikamwambia "Karibu, mwanangu," likatoka "hhh." Hakucheka. Aliweka begi chini, akasema, "Mjomba, kohoa."

Nikakohoa.

"Kohoa tena."

Nikakohoa tena. Akasema, taratibu, mbele ya foleni: "Mjomba, unakohoa kama ng'ombe."

Foleni ilipasuka! Mwuza nyama anakohoa kama ng'ombe! Mzee mmoja akasema, "Ni kisasi, wamemrudia!" Lakini ninyi madaktari wapya hamcheki, na mnajua kwa nini hamcheki. Mtu akikohoa, kikohozi kinaanza kwa kishindo, kama kofi. Ng'ombe hana kishindo, yeye ni pumzi tu, huuu. Kishindo kinahitaji milango miwili ya koromeo ifunge ndipo ifunguke. Wangu ulikuwa mmoja haufungi.

Akasema, "Kesho twende ukapigwe picha ya kifua."

"Kifua?" nikamnong'oneza, maana kunong'ona ndiko kulikobaki. "Mimi naumwa koo. Ugonjwa uko juu, wewe unashuka chini. Umeanza tena!"

Na foleni nzima, ndugu zangu, foleni niliyoifundisha mimi mwenyewe, ikaitikia kwa sauti moja: "Miguu Juu!"

Binti alizunguka gogo, akanawa mikono, akaenda kwenye kulabu ya mwisho, pale ninapotundika mapafu, moyo na koromeo vikiwa vimeshikana. Akavishusha. Akavilaza juu ya gogo, safari hii koromeo juu, moyo chini, kama mtu anavyosimama. Akaweka kidole kwenye ule uzi mweupe. Akaufuata. Kidole kikalipita koromeo, kikashuka sebuleni, kikazunguka bomba kuu, kikaanza kupanda.

"Huu ulikuwa unauitaje, mjomba?"

Nikanong'ona, "Mzururaji."

"Huo ndio unaoifunga sauti na kuifungua. Koo lako ni zima. Mzururaji wako amebanwa huku chini, kwenye mzunguko, na kitu kilichombana sikijui, na usiposhuka huku hakuna atakayekijua."

Nikatafuta mzaha. Hakuna siku nimekosa mzaha, siku hiyo nikaukosa. Nikanong'ona, "Na kama umekosea tena?"

Hapo ndipo alipoinama karibu na sikio langu, foleni isisikie. Akasema, "Mjomba, nilikunyamazia mara moja. Mara ya pili sikunyamazii."

Sikumwelewa. Alinielewesha tukiwa kwenye benchi la hospitali, tunasubiri picha.

Mheshimiwa Daktari Bingwa ndiye aliyeisoma picha hiyo. Palikuwa na kivimbe cha maji, kimekaa chini ya mpini wa mwavuli, ukubwa wa tikiti. Mpwa wangu anatikisa kichwa. Ukubwa wa nazi. Bado anatikisa. Haya, ndimu! Ndimu kubwa. Hakikuwa kibaya kwa asili yake, lakini kilikuwa kinakua, na majirani zake ni bomba la damu na bomba la hewa, na sebule ile haina kiti cha mgeni. Daktari Bingwa akanieleza bila kuzunguka: kivimbe nitakitoa, ila uzi wako umegandamana nacho, huenda ukapona, huenda nikalazimika kuuacha uende nacho. Yaani, mabibi na mabwana, niliambiwa uhai nitapewa, ila huenda nikaishi uhai wangu wote uliobaki nikimsikiliza dada yangu.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nikiwa nimelazwa chali, nimevaa gauni lisilo na mgongo, mpwa wangu alinishika mkono. Akasema, "Mjomba, sauti ikirudi, siku ya mahafali yangu utamjibu mwalimu." Sikuwa na sauti ya kubishana. Nikatikisa kichwa kukubali. Ni ahadi ya kwanza maishani mwangu niliyoitoa bila kuongeza neno, na labda ndiyo sababu inanibana hivi.

Nikapasuliwa. Daktari Bingwa alinifungua akaona moyo ambao, kwa ukubwa wake na uzuri wake, iliwabidi wauguzi... Daktari, mbona unacheka? Alichosema hasa ni, "Ana mafuta mengi." Tezi ya ndama yangu ilikuwa imekwisha siku nyingi. Kivimbe kikatoka. Uzi ukabaki, umechubuka, lakini mzima. Na kwa miezi mitano nilikaa nikisubiri, nikinong'ona, nikiandika bei kwenye kibao, mpaka asubuhi moja nikamwita paka wa jirani aliyeingia buchani nikitarajia "hhh," ikatoka "TOKA!" Paka alipita dirishani. Mke wangu alitoka jikoni mbio, akanitazama, akakaa kwenye kreti, akalia. Hajaniambia mpaka leo kama ilikuwa furaha au kinyume chake, nami sijauliza.

Sasa, mshereheshaji, saa nimeiona, niache nilipe... niache nitimize.

Mheshimiwa Mwalimu wa Anatomia. Miaka mitano iliyopita ulimwita binti huyu mezani kwako, mchoro wake mbele yako, na ulikuwa umevaa miwani. Miwani ilikuwapo. Viatu navyo vilikuwa sawasawa. Ukamwuliza, "Huyu mtu wako amepatwa na nini?" Akakujibu, "Ametundikwa, mwalimu." Ukamwuliza, "Nani amemtundika?" Akakaa kimya. Uliuliza mara ya pili, kwa upole, kwa sababu uliona kila kitu kipo mahali pake na ulitaka kumsaidia. Akakaa kimya. Aliona afadhali aanguke mtihani kuliko kutaja mbele ya wasomi kwamba alifundishwa na mjomba wake mwuza nyama, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuona kifua kikiwa kimesimama wima.

Mheshimiwa, ng'ombe wangu hutundikwa miguu juu. Wote. Juu yao ni chini yetu, na chini yao ni juu yetu, na katika miaka ishirini ya kumfundisha kila mtu kila kitu, hilo dogo nilisahau kumwambia mtoto.

Uliuliza nani amemtundika. Ni mimi.

Na jina la Miguu Juu, ambalo mtaa wangu ulimbandika kwa kuchochewa nami, ambalo nusura liniue kwa sababu lilinifanya nisimwamini mtu pekee aliyejua ninaumwa wapi, naliondoa kwake leo hadharani. Halipotei. Jana nimemwita mchoraji wa mabango, na kuanzia Jumatatu mkipita mtaani kwetu mtasoma juu ya mlango wangu, herufi nyekundu: BUCHA YA MIGUU JUU. Foleni ikitaka kumsalimia mtu kwa jina hilo, inisalimie mimi.

Dada yangu, najua umezikosa Jumapili zetu. Shemeji, rudisha pini zako mdomoni, kazi uliyonituma nimeimaliza. Daktari Bingwa, mkono wako usitetemeke. Mwalimu, nashukuru kwa kumrudisha maktaba likizo nzima, maana huko ndiko alikoukuta uzi wangu kwenye kitabu, umesimama wima.

Na wewe, mwanangu, simama watu wakuone. Simama vizuri, kichwa juu.

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mimi hapa nimeleta mdomo tu. Sauti mliyoisikia ni ya huyo aliyesimama, mpigieni makofi yeye.